Ng'ombe Wanane kwa Mashine ya Santuri

Kwako Nyanya Nyanchoka,

Salamu nyingi kutoka Isebania, na kabla hujanigombeza, kwa sababu kila wiki nakusoma gazetini na najua lazima utanigombeza, naomba unisome mpaka mwisho halafu uniambie kama akili yangu bado iko sawa au mke wangu Marcella ndiye mwenye haki, maana nyumbani kwangu sasa hatuongei ila mambo ya chumvi na karo.

Mimi ni fundi wa redio na spika, nina miaka arobaini na tatu, kibanda changu kiko kando ya barabara kuu ya kwenda mpakani, na tangu ujana wangu nakusanya santuri, zile za zamani za nyimbo za huku kwetu, za Wakuria na Wajaluo na Wakisii, nyingine nilizinunua baa zilipokuwa zinafungwa, nyingine nilipewa bure na wajane waliotaka kuwashia moto, na leo ninazo mia mbili na kumi na mbili, zote nimezisimamisha wima kama vitabu, hakuna hata moja nimeilaza, na mashine ninayozipigia ni kuukuu, nimeiunda mwenyewe kwa vipande vya mashine tatu, inafanya kazi lakini inanguruma chinichini kama mtu mwenye kifua, na lori zito likipita barabarani sindano inaruka.

Sasa mwezi wa pili niliitwa Homa Bay kwa mzee mmoja anaitwa Mogire, amestaafu kazi ya ofisi, ana nyumba inayotazama ziwa, alitaka nimtengenezee spika, na pale sebuleni nikakuta mashine ya santuri ambayo sijawahi kuiona isipokuwa kwa simu, sahani yake nzito kama kifuniko cha sufuria ya matanga, mkono wake wa sindano mwembamba kama mguu wa yangeyange, mbao imepigwa msasa mpaka unajiona uso. Mzee akaniambia, "Fundi, kaa chini. Usishike, sikiliza tu." Akaweka santuri ambayo hata mimi ninayo, ninaijua kila mkwaruzo, na Nyanya sikudanganyi, kabla mwimbaji hajaanza kuimba nilimsikia akivuta pumzi. Mtu aliyekufa miaka mingi! Kwangu hiyo pumzi haipo, kwangu kuna ngurumo tu. Nilishika mgongo wa kiti, mzee akacheka, akasema, "Umeona?"

Tangu siku hiyo sina amani, nikamtafuta muuzaji, anaitwa Cephas, yuko Nairobi, huziagiza kutoka ng'ambo, akaniambia hilo ni toleo maalum, zimetengenezwa mia mbili tu dunia nzima na hazitatengenezwa tena, kila moja ina kibati cha shaba chenye nambari yake, na iliyobaki Kenya ni moja, nambari mia moja sitini na tatu, bei yake shilingi laki nne na elfu themanini. Nikamuuliza, "Na ile ya kawaida ya kampuni hiyo hiyo, isiyo na nambari?" Akasema, "Boss, hiyo ni ya watu wa kawaida. Wewe ni mtu wa santuri ama ni mtu wa kawaida?" Nikakosa jibu. Amenishikia mpaka mwisho wa mwezi.

Pesa taslimu sina lakini ng'ombe ninao, wanane, ni mahari ya dada yangu Jerusha, waliletwa miaka sita iliyopita alipoolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Sirare, na marehemu baba yetu kabla hajafa alisema wakae kwa boma langu. Wawili wamekufa na wawili wamezaliwa, hesabu imebaki ileile. Mimi nilikuwa nimeshaoa, hatuna ndugu mwingine wa kiume anayewangoja aolee, kwa hivyo kwa maoni yangu wamekaa tu wanakula nyasi, na mnunuzi amepatikana, amewakagua mpaka meno, anawataka wote kwa pamoja Jumatatu, na bei yake inatosha mashine na usafiri wake.

Marcella aliposikia alisema, "Ng'ombe wanane kwa sinia la kuzungusha? Na hata mandazi haliwezi kuchoma!" Nikamweleza kwamba kitu chenye nambari huongezeka thamani kila mwaka. Akasema, "Ng'ombe pia huongezeka, tena bila stima." Akainuka akaenda zake, na tangu hapo ndiyo hiyo chumvi na karo.

Nisikufiche, nilitaka kumwambia Jerusha kwanza, kwa heshima, maana ng'ombe waliingia kwa ajili yake, na nafasi nilipata kwa sababu mwaka huu amekuja mara mbili, si kawaida yake, miaka yote alikuwa anakuja Krismasi tu, mara ya kwanza akakaa siku mbili na juzi akaja siku moja na watoto wake wote wawili, hakusema amekuja kwa nini. Nikampigia santuri, akakaa karibu na mashine amejifunika leso mpaka shingoni, na jua lilikuwa linawaka, nikamwambia, "Toa hiyo leso, utaiva," akasema ana homa kidogo. Jioni nikamkuta kwa boma anahesabu ng'ombe kwa kidole.

Akaniuliza, "Kaka, bado ni wanane?"

Nikamwambia wanane.

"Wote wazima?"

"Wazima. Kwani unataka kuwarudisha?" Nilimtania tu. Akacheka, na mimi nikacheka, ningemweleza mambo ya mashine palepale lakini simu ya mteja ikalia, na asubuhi alipoondoka hakurudia tena habari ya ng'ombe, kwa hivyo nimechukulia hana neno nao.

Swali langu ni moja, Nyanya. Hii mashine ina thamani ya bei yake au haina? Usinihubirie anasa. Mimi sinywi, sina mke wa pili, na tangu nizaliwe sijanunua kitu hata kimoja ambacho hakikutumiwa kwanza na mtu mwingine.

Ni mimi,
Mirumbe, Isebania.


Nyanya Nyanchoka anajibu:

Mirumbe,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Halafu nikavaa miwani nikakusoma tena. Sasa kaa chini.

Nianze na mashine kwa sababu ndiyo uliyouliza, nisije nikaambiwa nyanya wa Uriri alikwepa swali. Najua unafikiri sijui kitu. Shule niliachia darasa la tatu, ni kweli. Lakini mume wangu alikuwa na baa hapa Uriri, na kwa miaka kumi na moja mwenye kugeuza santuri nilikuwa mimi, kwa sababu mikono yake yeye ilikuwa na mafuta ya nyama. Nilikuwa naiweka sindano kwenye wimbo wa tatu bila kutazama, na mtoto mgongoni. Kwa hivyo hapo usinifundishe, nisikize.

Masikio yako hayakukudanganya. Mashine nzuri ni nzuri. Hiyo pumzi imo ndani ya santuri, iliingia siku mtu alipoimba, na mashine yako mbovu inaifunika. Hapo wewe una haki na Marcella hana, lile si sinia. Mzee Mogire aliinunua kwa jasho lake la ofisini, hakuna mtu alilala njaa kwake, basi aifurahie. Mimi sina wivu na mzee wa watu.

Lakini umechanganya mambo. Pumzi uliisikia kwa sababu sahani ni nzito, sindano ni kali na meza haitikisiki. Hukuisikia kwa sababu ya kibati cha shaba. Nambari haiimbi. Huyo Cephas akikuuliza kama wewe ni mtu wa kawaida, mwambie ndiyo, mama yangu alinizaa kawaida. Mwanamume mzima mwenye ndevu unaulizwa swali la kitoto unakosa jibu! Ndivyo wanavyowauzia wasichana mafuta ya kujipaka. Na kuna jambo hakukuambia. Ukiiweka mashine yake kwenye kibanda chako, kando ya barabara ya malori, sindano itaruka vilevile. Itaruka kwa bei ghali, basi.

Sikia tulivyofanya sisi. Watu wakicheza kwa baa, meza nayo inacheza, na santuri inarukaruka kama panya. Mume wangu akachukua sanduku, akalijaza mchanga, akalaza juu yake jiwe langu la kusagia wimbi, hakuniuliza, akaweka gramafoni juu ya jiwe. Wakacheza mpaka vumbi likatoka kwa dirisha. Sindano haikusogea. Miaka kumi na moja nilisagia wimbi kwa jirani, na jirani huyo alinisema kila mahali kwamba namaliza jiwe lake, lakini kazi ilifanyika. Fanya hivyo. Jiwe kwenu Kuria halikosekani. Nunua sindano mpya, kwani fundi mzima hujui sindano huisha? Na ngurumo utaitafuta mwenyewe. Watu wanakulipa kwa kazi hiyo hiyo kila siku, kwako umeshindwa na nini?

Hayo ni ya mashine. Kama ungekuwa umeandika hayo tu, ningeishia hapa nikaangalie kuku wangu.

Lakini umejaza karatasi kwa habari ya mashine, mpaka na mguu wa yangeyange, halafu dada yako ukampa kipande kidogo kule chini, karibu na jina lako, kama mtu aliyekumbuka kibiriti akiwa ameshatoka dukani. Mirumbe, barua yako iko kwenye kipande hicho.

Mwanamke aliyeolewa miaka sita hahesabu ng'ombe wa mahari yake. Kwetu Kisii hahesabu. Kwenu Kuria hahesabu. Majirani zangu Wajaluo nimewauliza asubuhi hii kisimani, wakaacha kuchota maji wakanitazama. Hahesabu, kwa sababu wale si wake, waliingia yeye akitoka. Akienda kusimama kwa boma, anawapitisha kidole mmoja mmoja, anauliza kama ni wazima, anauliza jambo moja tu: nikitoka kule, mnacho cha kurudisha? Na wewe ulilisema kwa mdomo wako mwenyewe! "Kwani unataka kuwarudisha?" Ukamsomea moyo wake wote kama gazeti, halafu ukacheka. Ulitaka afanye nini? Alicheka. Mimi pia niliwahi kucheka namna hiyo, na sitakuambia lini.

Halafu hiyo leso. Jua linawaka, mtu amejifunika shingo. Wewe uliona homa. Mimi ningetaka kuiona hiyo shingo. Labda nimekosea. Sikuwepo, na kama nimekosea nitafurahi, uniandikie barua nyingine unitukane. Lakini mama wa watoto wawili havuki mpaka mara mbili kwa mwaka, mara ya pili na watoto wote, eti kuja kukaa karibu na mashine inayonguruma. Alikuja na watoto wote, Mirumbe. Hilo nalo hukuliona?

Mambo ya kikao cha kurudisha mahari unayajua kuliko mimi. Wazee wakikaa watauliza ng'ombe. Watoto wawili watapunguza baadhi, wengine watadaiwa. Ng'ombe wakiwepo, maneno yanaisha siku moja. Wasipokuwepo, utaambiwa katafute kwanza, na siku zote hizo unazotafuta Jerusha analala wapi? Kulekule. Desturi hiyo mimi siipendi, mwanamke si sufuria iliyovuja irudishwe dukani, na hata kama boma lako lingekuwa tupu bado ningekuambia umfungulie mlango aingie, ng'ombe watajadiliwa baadaye. Lakini boma lako si tupu. Wewe ndiye unataka kulimaliza Jumatatu.

Kwa hivyo jibu lako ni hili. Mogire alilipa pesa. Wewe utalipa njia ya dada yako ya kurudi nyumbani. Kwa bei hiyo mashine haina thamani, hata ingekuwa na nambari moja badala ya mia moja sitini na tatu, hata ingekuwa inawatoa waimbaji makaburini wanakuja sebuleni wanakula ugali. Umesafiri mpaka Homa Bay ukasikia pumzi ya marehemu. Dada yako alipumua kwako siku tatu, hukusikia.

Wewe si mtu mbaya, na hiyo ndiyo inayoniudhi. Mtu mbaya ningemjibu mistari miwili. Umefanya kazi, hunywi, kila kitu chako kimeanza kwa mwingine. Kutamani kitu kimoja kizuri, kipya, chako, si dhambi, na Marcella usimwache akufanye uone ni dhambi. Weka akiba ya kazi yako, kidogo kidogo, ununue ile isiyo na nambari. Utaipata. Vitu visivyo na nambari huwa vinawangoja watu.

Sasa fanya ninavyokuambia, na usiongeze akili yako.

Leo, mnunuzi mwambie ng'ombe hawauzwi. Akiuliza kwa nini, mwambie hawauzwi. Cephas mwambie asante, na akipiga tena usishike, ana maneno matamu na wewe huna dawa yake. Marcella mwombe msamaha, haraka, maana unamhitaji. Jerusha usimpigie simu. Hujui kule inashikwa na nani. Mwende wewe na Marcella, mchana, mumsalimie mumewe vizuri, mle chakula mkipewa, mseme kuna kikao cha familia juu ya shamba la baba na Jerusha anatakiwa, yeye na watoto. Ni uongo. Huo niachie mimi, nitaubeba kanisani Sabato. Marcella lazima aende, kwa sababu kama kuna kitu chini ya leso, yeye ndiye ataonyeshwa, si wewe.

Na kama kipo, mpeleke hospitali kabla ya kwenda kwa wazee. Mshike karatasi ya daktari mkononi, muipeleke kwa chifu, ndipo wazee waitwe. Wazee wetu hupenda kusema rudi mwanangu, mkazungumze. Wakiona karatasi huwa wanatafuta miwani kwanza.

Jina la Mirumbe nimekupa mimi, na la Jerusha pia, na majina mengine yote na miji yenu nimeyageuza, kwa sababu gazeti hili likishasomwa hufungiwa sukari, na sukari huvuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Wenye gazeti nimewaambia wakutumie jibu hili kwa simu leo, kabla halijachapishwa. Jumatatu haingoji gazeti.

Akifika kwako usimpigie santuri. Zima hiyo takataka. Mpe chai, watoto wale, halafu mpeleke kwa boma palepale ulipomkuta, usimame naye, umwambie, "Ni wanane, Jerusha, na sitauza hata mmoja." Kisha nyamaza. Usitanie. Simu ya mteja ikilia, iache ilie.

Kabla hajasema neno atavuta pumzi. Hiyo utaisikia bila mashine.

Nyanya Nyanchoka,
Uriri.